Jinsi ya Kukinga Kucha na Fangasi kwa Wanaotia Rangi Vitambaa

Katika kazi za nguo, hatari ya fangasi wa kucha si sawa kwa kila mtu. Fundi cherehani, ambaye mikono yake hushinda mikavu, hana sababu kubwa ya kuhofu. Wa kujihadhari ni yule anayetia rangi na kusuuza vitambaa, awe kiwandani au kwenye karakana ndogo ya batiki. Maji hulainisha ngozi nyembamba inayoziba shina la kucha, kostiki soda inayochanganywa na rangi huila, na fangasi aina ya kandida hupenya hapo. Miguuni, ndani ya gambuti zenye jasho, hustawi fangasi wa jamii nyingine, ambao mara nyingi huanzia katikati ya vidole kabla ya kuhamia kwenye kucha.

Vaa glavu ndefu za mpira, na ndani yake glavu nyepesi za pamba za kunyonya jasho, uzibadilishe kila zinapolowa. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa, jaza maji kwenye glavu ya mpira na uiminye, kwani iliyotoboka huhifadhi maji ya kostiki yakakaa kwenye vidole saa nzima. Ukizivua, nawa kwa sabuni ya kawaida, jikaushe hadi pembeni mwa kucha, kisha paka mafuta mazito ya mgando. Ile ngozi ya shinani usiikate wala kuisukuma, hata saluni wakikusihi. Gambuti usiazime, ukiweza uwe na jozi mbili, moja ikianikwa. Kwa walioajiriwa, sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi.

Kutambua ugonjwa ni kugumu kidogo, maana kucha za mtia rangi huwa na madoa daima. Doa la rangi hukaa juu ya kucha ambayo bado ni laini na imeshika vizuri; kucha yenye fangasi hunenepa, huachana na nyama, na chini yake hujikusanya unga unaomeguka ukiukwangua. Hata hivyo usinunue dawa kwa kukisia, kwa kuwa jeraha la zamani au ugonjwa wa ngozi wa soriasisi huweza kuleta sura hiyohiyo. Omba kipande cha kucha kipimwe kwa darubini.

Fangasi wakithibitika kuwa wa ile jamii inayostawi kwenye gambuti, daktari huweza kuandika vidonge vya terbinafini (kandida kwa kawaida huhitaji dawa nyingine), kwa kawaida wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu, baada ya kuhakikisha kwamba ini ni zima. Kucha ya mkono huota takriban milimita 3 kwa mwezi, ya mguu nusu ya hapo au pungufu, hivyo kidole gumba cha mguu huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi kurudia sura yake hata kama fangasi wamekwisha kufa. Wengi hukata tamaa hapo na kuacha vidonge katikati, wakidhani haviwasaidii.