Somo: Kusoma kipeperushi cha katazo la mifuko ya plastiki ukiwa mwenye duka

Ndugu zangu wa maduka, magenge na mama lishe, leo tunasoma pamoja karatasi ambayo wengi tumeibandika ukutani bila kuimaliza: kipeperushi cha katazo la mifuko ya plastiki. Katazo lilianza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na mpaka leo msako ukipita sokoni wapo wanaopoteza mzigo walioununua kwa nia njema kabisa. Inaniuma, kwa sababu mengi ambayo yangewakinga yameandikwa kwenye karatasi hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: pata karatasi yenyewe

Picha iliyokatwakatwa ya WhatsApp haitoshi. Nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri yako au ofisi ya kanda ya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), au ipakue kwenye tovuti ya NEMC au ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Ukishaipata, tazama imetolewa na nani na lini. Tarehe ina uzito wake. Matangazo ya 2019 yalisisitiza mifuko ya kubebea, lakini Aprili 2021 ndipo ulipofika mwisho wa vile vimfuko laini visivyo na lakiri (visivyozibwa kiwandani), vilivyokuwa vimeshika nafasi ya rambo kwenye karanga, nyanya na barafu. Mwenye kipeperushi cha mwanzo peke yake atajiona yuko salama, kumbe amepitwa.

Hatua ya pili: tafuta kanuni iliyo nyuma yake

Kipeperushi si sheria. Kinakuelekeza kwenye sheria, na ukifika mbele ya afisa au hakimu kinachosomwa ni kanuni. Hapa kanuni ni zile zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Tangazo la Serikali Na. 394 la 2019. Iandike namba hiyo kwa kalamu juu ya kipeperushi chako. Kanuni hizo zilitoka kwa Kiingereza, miaka miwili kabla Bunge halijakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021. Ndiyo maana naithamini sana karatasi ya Kiswahili: kwa muuza genge, mara nyingi ndiyo mlango pekee wa kuingilia.

Ukiisoma, pigia mstari maneno "ni marufuku" na "lazima". Palipoandikwa "inashauriwa", ni ushauri. Ufuate ukiweza, ila usichanganye na amri.

Hatua ya tatu: jitafute wewe uko wapi

Kosa ni moja kwa jina, adhabu zinatofautiana. Mzalishaji na mwagizaji wanaanzia faini ya shilingi milioni 20 hadi bilioni moja. Anayeuza: shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3. Anayekutwa nao au kuutumia: shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Anayehifadhi na kusambaza ana fungu lake, zito kuliko la muuzaji wa rejareja. Fungu hili la mwisho ndilo linalowanasa watu. Rafiki akikuomba umwekee robota mbili stoo "mpaka kesho", wewe ndiye mhifadhi.

Hatua ya nne: pima mfuko kabla hujalipa

Hapa ndipo vipeperushi vingi vinapotuacha njiani. Vinachora mfuko wenye alama ya X, vinasema tumia mfuko mbadala unaokidhi viwango, basi. Muuzaji hajui atajuaje. Mifuko mbadala ya kitambaa kile kisichofumwa inatakiwa iwe na GSM 70, yaani gramu 70 kwa kila mita moja ya mraba. Ile hafifu, inayochanika ukiweka kilo mbili za sukari, haifiki hapo, na imekuwa ikikamatwa tangu 2020.

Fanya hivi. Nunua mfuko mmoja wa sampuli. Kata vipande 10 vya mraba, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, kwa rula na mkasi mkali, ukiepuka mishono na mikanda. Vipande 10 ni sehemu ya kumi ya mita ya mraba. Viweke kwenye mizani ya sonara au ile ndogo ya wapika keki. Visome gramu 7 au zaidi. Vikisoma 5, rudisha mzigo, hata muuzaji aape vipi. Kisha geuza mfuko utazame maandishi: jina na anwani ya mzalishaji, na uzito unaoweza kubebwa. Mfuko usio na mwenyewe usiuingize dukani.

Hatua ya tano: weka ushahidi

Dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) yenye jina la bidhaa, omba nakala ya cheti cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwa mwenye jumla, viweke kwenye faili moja pamoja na kipeperushi. Hapo umemaliza.

Maswali ya wanachama

Muuza karanga, Dodoma: Mwalimu, mbona mkate unauzwa ndani ya plastiki na hakuna anayeguswa? Mimi karanga zangu zinakamatwa.

Jibu: Kanuni zinatenganisha mfuko wa kubebea na kifungashio. Vifungashio vya huduma za afya, bidhaa za viwandani, ujenzi, kilimo, usindikaji wa vyakula na usafi havikukatazwa. Mkate umefungwa, umezibwa, una jina la aliyeuoka. Kimfuko laini unachofunga fundo kwa mkono hakina lolote kati ya hayo. Njia mbili, dada yangu: fungasha kwenye kifungashio chenye lakiri na jina lako, au rudi kwenye karatasi. Kwa mtaji mdogo, mimi ningeanza na karatasi.

Mwenye duka, Tabora: Mizani yangu ya duka haisomi gramu 7.

Jibu: Basi pima mifuko 10 mizima. Mfuko wa sentimita 40 kwa 50 una pande mbili, kwa hiyo mifuko 10 ni mita 4 za mraba. Mara 70, unapata gramu 280, bila kuhesabu mikanda na mapindo. Ikisoma chini ya 280 hata na mikanda yake, imefeli.

Mama lishe, Mbagala: Shikamoo mwalimu. Alikuja kijana akasema ni wa mazingira, nimpe 30,000 yaishe. Nifanyeje akirudi?

Jibu: Marahaba mama. Mwombe kitambulisho, kwa heshima, na uandike jina na ofisi yake. Malipo halali ya Serikali yana kontroo namba. Unalipia benki au kwa simu na unapata risiti. Fedha ya mkononi usitoe. Kosa likiwa la kweli linaweza kufifilishwa, yaani kumalizwa kwa faini bila kwenda mahakamani, kwa taratibu za kisheria, na hilo nalo lina maandishi. Siku hiyohiyo piga simu ofisi ya kanda ya NEMC uulize kama walimtuma mtu mtaani kwenu.

Mfanyabiashara, Unguja: Kipeperushi hiki nikibandike dukani kwangu Darajani?

Jibu: Hapana, tafuta cha kwenu. Mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, na ilipiga marufuku mifuko hii tangu 2006, miaka mingi kabla ya Bara. Ila kipimo cha gramu kitakusaidia ukija Kariakoo kununua mzigo wa kuuza huku Bara.

Mwongoza watalii, Arusha: Wageni wangu wanakuja na vile vimfuko vya zipu vya sabuni na dawa za meno. Wanaogopa kufungwa.

Jibu: Tangazo kwa wasafiri la Mei 2019 liliviruhusu, kwa kuwa mgeni anatarajiwa kuondoka navyo. Mfuko wa rambo wa dukani ndio wauache uwanjani au mpakani, kuna sehemu ya kuuacha. Wapelekee tangazo hilo kabla hawajapanda ndege, wala si wakishatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro.