Kuendesha msimbo ndani ya maandishi: hesabu za sambaza kwa Org

Shemeji yangu anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mtaani Kadutu, hapa Bukavu. Daftari lake linachanganya mauzo na maelezo: nani amekopa, siku gani mvua ilifukuza wateja. Alitaka mashini imjumlishie bila kutenganisha hesabu na maelezo yake. Kazi ya namna hiyo naifanya kwa Org, sehemu ya Emacs, programu ya kuandikia maandishi na msimbo. Faili ni maandishi matupu, msimbo unakaa chini ya aya inayouhusu, na jibu linatokea hapohapo bila intaneti. Jupyter, programu nyingine ya kuchanganya msimbo na maelezo, sikuizoea: faili lake ukilifungua nje ya programu yake unakutana na JSON, data iliyojaa mabano na alama za nukuu.

1. Weka Emacs na Python 3, lugha ya msimbo tutakayotumia. Org inakuja pamoja na Emacs.

2. Mwanzoni Org inakubali kuendesha Emacs Lisp, lugha ya Emacs yenyewe, peke yake. Ongeza Python kwenye `init.el`, faili la mipangilio ya Emacs, kisha fungua Emacs upya:

```
(org-babel-do-load-languages
 'org-babel-load-languages
 '((emacs-lisp . t) (python . t)))
(setq org-babel-python-command "python3")
```

3. Andika haya kwenye `mauzo.org`:

```
#+NAME: mauzo
| Siku     | Beseni | Faranga |
|----------+--------+---------|
| Jumatatu |      3 |   84000 |
| Jumanne  |      2 |   56000 |
| Masalio  |        |    9500 |

#+BEGIN_SRC python :var t=mauzo :results output
print(sum(m[2] for m in t))
#+END_SRC
```

Weka kishale ndani ya msimbo, bonyeza Ctrl-c Ctrl-c, jibu `yes`. Chini yake itatokea 149500. Ukisahau `:results output` utapata `None`, kwa sababu Org itangojea `return`.

4. Sasa namba zenyewe. Hapa tulipoteza jioni nzima.

Sisi tunaandika elfu themanini na nne hivi: 84.000. Shemeji aliandika 84.000 na 56.000, lakini masalio akaandika 9500 bila nukta. Jibu likatoka 9640.0. Shemeji akauliza: "Sasa ile feza ingine ilienda wapi?" Nikaukagua msimbo, nikabadilisha Python, nikafuta jedwali na kuliandika upya, na kila nilipoliandika nilirudisha nukta zilezile.

Kwa Org, nukta ni ya desimali. 84.000 inafika kwa Python ikiwa 84.0, kimya, bila kosa lolote kuonyeshwa. Wala huwezi kuirekebisha ndani ya msimbo, maana sufuri zimekwisha kupotea njiani. Ukiacha nafasi, 84 000, Org inaichukua kama neno na Python inagoma kujumlisha. Afadhali hiyo, angalau inapiga kelele. Milioni yenye nukta mbili, 1.250.000, nayo inageuka neno. Kwa hiyo jedwali moja linaweza kuwa na namba sahihi, namba zilizosinyaa na maneno, vyote kwenye safu moja.

Dawa yangu: tarakimu tupu, basi. Asiyeweza kuacha nukta aandike `84.000 FC` (FC ni faranga za Kongo) kila mstari. Herufi zinailinda namba isiguswe, kisha msimbo unasafisha:

```
print(sum(int(m[2].replace(".", "").replace(" FC", ""))
          for m in t))
```

Ukichagua njia hii, hata masalio yaandikwe `9.500 FC`. Na usiongeze mstari mwingine wa vistari juu ya jumla: mistari hiyo ikiwa miwili, Org haiondoi tena vichwa vya safu, na neno "Faranga" linaingia kwenye hesabu.

5. Ukibadilisha jedwali, jibu la zamani linabaki palepale likikudanganya. Ctrl-c Ctrl-v b inaendesha faili zima. Itakuuliza kwa kila kipande. Usizime swali hilo kwa faili ulilotumiwa na mtu, kwa kuwa msimbo wake unaweza kufuta vitu vyako.

6. Kuhariri msimbo kwenye dirisha lake ni Ctrl-c kisha alama ya '. Kwenye kibodi zetu za AZERTY alama hiyo iko kwenye kitufe cha 4, bila Shift. Ukirudia mibonyezo hiyohiyo, unarudi kwenye faili.