Mwambie na pa kuusikilizia
Ukitaka rafiki aupende muziki wako, usimtupie nyimbo 40 kwa mpigo. Mtumie mmoja, na umwambie ausikilizie wapi. Roki ya zamani inafaa hata ndani ya matatu Thika Road. Gitaa linapenya honi zote. Klasiki hapana: ina sehemu za sauti ya chini mno, na makanga akianza "Githurai, Githurai!" fidla ndiyo basi tena. Hiyo ni ya usiku, taa zimezimwa. Mimi huanza na sehemu ya pili ya Simfonia ya 7 ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1813. Nyuzi nzito zinanong'ona, kisha zinapanda taratibu. Kwa roki, bendi ya Queen. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar, na hapo stori huanza yenyewe.