Mto mmoja, masomo matatu: kufundisha msamiati hadi ubeti

Nilipoanza kufundisha Kiswahili hapa Jinja, kila Jumatatu niliandika maneno 20 ubaoni. Ijumaa yalikuwa yameyeyuka. Siku hizi nachukua kitu kimoja wanachokijua wanafunzi, mto Naili, nakipitisha kwenye historia na sayansi, halafu tunakitungia shairi.

Hatua ya 1: Anza na jina la mji
Uliza, "Jinja maana yake nini?" Wasoga na Waganda watakujibu kabla hujamaliza: jiwe. Ni miamba ya maporomoko yaliyokuwa pale maji yanapotoka Ziwa Victoria. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo Julai 1862, akayaita Ripon. Wenyeji walikuwa na jina lao la mto, Kiyira. Andika: mwamba, maporomoko, chanzo, mwenyeji. Kisha uliza kama Speke "aligundua" au "alifika". Usiharakishe hapa, mwalimu mwenzangu. Wakibishana juu ya vitenzi hivyo viwili, hawatavichanganya tena, na historia yao wenyewe wanaiangalia kwa jicho jipya.

Hatua ya 2: Chora bwawa
Maporomoko yale hayaonekani tena. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliinua maji yakayafunika. Chora maji ya juu, maji ya chini, na tabo, yaani gurudumu linalozungushwa na maji, katikati. Maji yanashuka, yanazungusha tabo, tabo inazungusha jenereta inayozalisha umeme. Shuka, zungusha, zalisha: vitenzi hivyo vinatosha kwa siku moja.

Hatua ya 3: Tunga tarbia
Tarbia ni shairi ambalo kila ubeti una mishororo 4. Kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16: ukwapi (nusu ya kwanza) 8, utao (nusu ya pili) 8. Mimi huwaandikia huu:

Maji yaanza ziwani, Jinja ndipo yanatoka,
Yapita maporomoni, povu jeupe laruka,
Yazunguka mitamboni, taa nyumbani zawaka,
Mwisho wake baharini, safari yakamilika.

Wanafunzi wapige kofi moja kwa kila silabi. Watakwama kwenye "yaanza". Wengi hupiga mawili, kumbe ni matatu: ya-a-nza. Waonyeshe pia kwamba "mto" ni mizani 2, m-to, lakini "mwi" ya "mwisho" ni mzani 1 tu. Vina ni -ni katikati na -ka mwishoni.

Hatua ya 4: Wasome kwa sauti
Sikiliza l na r. Aliyekulia kwenye Luganda husema "safali" bila kujua, kwa sababu katika lugha yake r hufuata e na i tu. Usimcheke, wala usiruhusu wenzake wamcheke. Mpe "kula" na "kura", atunge sentensi ya kila moja, kisha arudie mshororo wa nne.

Hatua ya 5: Kila mmoja aandike ubeti wake
Mshororo wa nne ubaki kuwa kibwagizo, mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, cha darasa zima. Mizani ikizidi, usifute kwa kalamu nyekundu. Kaa naye, pigeni makofi pamoja, mpaka mwenyewe aisikie silabi iliyozidi.