Kitambaa Kinachowaka Bila Kuungua: Kuonyesha Mwako wa Ethanoli Darasani

Jaribio la kuwasha moto kitambaa kilicholowekwa katika mchanganyiko wa ethanoli (alkoholi iliyomo katika spiriti) na maji humlazimisha mwanafunzi atofautishe kile kinachowaka na kile kilichokibeba. Kwa bahati mbaya, mara nyingi hufanywa kama kiini macho, kisha darasa likaambiwa kwa haraka kwamba "maji yamefyonza joto". Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi, na hesabu ndogo inaonyesha pengo lilipo.

Mchanganyiko unaofaa una takriban asilimia 50 ya ethanoli kwa ujazo. Ukiwa na spiriti ya asilimia 70 kutoka duka la dawa, mililita 50 zake zikiongezwa mililita 20 za maji zitakupa kiwango hicho. Soma kibandiko kwanza, na usitumie kitakasa mikono cha utelezi, kwa kuwa hunata kinapowaka. Kitambaa kiwe cha pamba tupu, chenye ukubwa wa kitambaa cha mkononi. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Ongeza chumvi kidogo katika mchanganyiko, si kwa ajili ya urembo bali kwa usalama: mwali wa ethanoli ni wa buluu iliyofifia na mchana hauonekani vizuri, ilhali sodiamu iliyomo katika chumvi huufanya uwe wa manjano.

Loweka kitambaa, kikamue mpaka kisidondoke, kisha funga chupa ya spiriti na uiondoe kabisa, pamoja na bika (chombo cha kuchanganyia) yenye mabaki, kabla hujagusa kiberiti. Fungua madirisha mapema ili mvuke usijikusanye, lakini feni zizimwe, kwa sababu upepo huuinamisha moto kuelekea kwa aliyeushika. Vaa miwani ya usalama, funga nywele au chomeka ncha za ushungi, na wanafunzi wakae umbali wa angalau mita 3. Shika kitambaa kwa koleo ndefu ya chuma na ukiwashe kwenye ukingo wa chini. Baada ya sekunde chache, kabla moto haujafifia wenyewe, kitumbukize ndani ya sufuria na ufunike kwa mfuniko. Usingoje spiriti iishe, kwani pembe za kitambaa hukauka kwanza, na zikishakauka huanza kuungua.

Sasa kemia yenyewe. Kinachowaka ni mvuke wa ethanoli uliochanganyika na hewa, wala si kimiminika. Mvuke huo hushika moto ukiwa kati ya takriban asilimia 3.3 na 19 ya hewa. Ethanoli tupu hutoa mvuke wa kutosha kuwaka tangu nyuzi joto 13 hivi za Selsiasi; ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, kiwango hicho hupanda hadi karibu nyuzi 24, joto la kawaida la darasani. Mmenyuko ni huu:

C₂H₅OH + 3O₂ → 2CO₂ + 3H₂O

Kwa hiyo kila gramu 46 za ethanoli huzalisha gramu 54 za maji, jambo ambalo wanafunzi huona gumu kulisadiki mpaka waone ukungu ndani ya bilauri baridi na kavu iliyoinamishwa kwa muda mfupi juu ya taa ya spiriti.

Tuseme kitambaa kimebeba mililita 10 za ethanoli na 10 za maji. Ethanoli hiyo, yenye uzito wa karibu gramu 7.9, ikiungua yote hutoa takriban kilojuli 235. Kupasha gramu 10 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 na kuzigeuza zote kuwa mvuke huchukua kama kilojuli 26 tu, yaani sehemu moja kati ya tisa. Joto lililobaki liko wapi? Sehemu kubwa hupanda juu pamoja na gesi za moto, na nyingine husambaa kama mnururisho, yaani miale ya joto, kwa kuwa mwali hukaa nje kidogo ya kitambaa, pale mvuke unapokutana na oksijeni. Kazi ya maji ni kushughulikia kile kidogo kinachorudi: maadamu nyuzi za pamba zimelowa, halijoto yake haiwezi kuzidi sana nyuzi joto 100, wakati pamba huhitaji zaidi ya nyuzi joto 200 ili ishike moto.

Methanoli, ambayo ni alkoholi nyingine, isitumike kabisa katika onyesho hili. Mnamo Septemba 2014, katika miji ya Reno na Denver nchini Marekani, maonyesho ya moto wa methanoli yaliwaunguza watoto na wanafunzi. Hatari kubwa ilikuwa kumimina kutoka kwenye chupa karibu na moto, au juu ya kilichodhaniwa kuwa kimezimika, kwani mvuke huurudisha moto mpaka ndani ya chupa. Kanuni hiyo inaihusu ethanoli pia: ukitaka kurudia, tumia kitambaa kingine kilicholowekwa tangu awali.

Darasa likiuliza kuhusu viwango vingine, waachie wakokotoe. Kwa asilimia 20 mchanganyiko hukataa kuwaka katika joto la kawaida. Kwa asilimia 90 maji hayatoshi, na kitambaa huungua. Mabaki ya mchanganyiko yamwagwe kwenye sinki pamoja na maji mengi, baada ya moto wote kuzimwa.