Somo: P0171 – injini inapata hewa nyingi, mafuta machache. Anzia hapa kabla ya kununua sensa

Taa ya injini inawaka, mashine ya kusomea hitilafu inatoa kodi (namba ya hitilafu) P0171, na ushauri wa kwanza unaopewa ni kubadili oksijeni sensa. Subiri kwanza. Mjumbe hauawi. Sensa ile inaleta taarifa tu kwamba moshi umetoka na oksijeni iliyobaki. Ama hewa imeingia kwa mlango wa nyuma, ama mafuta hayafiki, ama hesabu ya hewa imekosewa.

Mfano wa somo ni 1NZ-FE, ile lita 1.5 ya IST na Probox. Injini nyingine za petroli zenye sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) hupimwa kwa mantiki hiyo hiyo.

Hatua ya 1: usifute kodi. Ukifuta unapoteza kumbukumbu ya hali ya injini wakati kodi inajiandika: mizunguko, mzigo, joto. Iandike pembeni. Kama kuna kodi ya kumisi (silinda kukosa kuchoma), mfano P0301, maliza hiyo kwanza. Silinda isiyochoma hutoa oksijeni yake nzima, na kompyuta inadhani mafuta yamepungua.

Hatua ya 2: soma namba mara tatu. Kwenye data za moja kwa moja tafuta STFT (marekebisho ya papo hapo) na LTFT (yale ambayo kompyuta imeshayazoea). Jumlisha. Ikiwa kati ya asilimia -10 na +10, hakuna tatizo. Injini iwe imepata moto, AC imezimwa. Soma kwenye sailensi (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), soma ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika, kisha msaidizi asome wakati unapanda mlima gari likiwa limelemewa.

Hapa ndipo penye siri yote. Kwenye sailensi injini hii inavuta karibu gramu 2 za hewa kwa sekunde. Tundu la mpira linaloingiza nusu gramu bila kupita kwenye MAF ni robo nzima, na utaona takribani +25. Ukipandisha hadi 2,500, hewa halali inakuwa nyingi, na tundu ni lile lile. Namba inashuka hadi +5 au +6. Kwa hiyo:

- Juu kwenye sailensi, ikishuka ukikanyaga: inavuta hewa ya wizi. Nenda hatua ya 3.
- Nzuri kwenye sailensi, ikipanda kadiri mzigo unavyoongezeka: mafuta hayatoshi au MAF inahesabu pungufu. Nenda hatua ya 4 na 5.
- Juu kote kwa kiwango kimoja: anza na MAF, halafu presha, halafu eksozi.

Hatua ya 3: hewa ya wizi. Kagua mpira mkubwa kati ya boksi la eafilta na throto. Ukunje kwa mkono, maana ufa hujificha ndani ya mikunjo. Kisha bana mipira midogo mmoja mmoja kwa plaizi iliyozungushiwa kitambaa: ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini), ya busta ya breki, ya mvuke wa tenki. Ule ambao ukiubana STFT inaporomoka, umeupata mkosaji. Gasketi ya manifodi ya kuingizia hewa iliyokakamaa huvuja zaidi injini ikiwa baridi, kwa hiyo ijaribu asubuhi. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio na usikilize mlio ukibadilika. Wengi hutumia sprei ya kabureta. Inafanya kazi, ila inashika moto, na manifodi ya eksozi iko pale pale.

Hatua ya 4: MAF. Ipo kwenye mfuniko wa boksi la eafilta. Fungua skrubu mbili, isafishe kwa sprei maalumu ya MAF pekee, iache ikauke dakika 10. Usiguse waya zake kwa pamba wala kidole. Eafilta iliyopakwa oili na filta za bei chee zinazopitisha vumbi ndizo zinazoichafua.

Hatua ya 5: presha ya mafuta. Funga geji kwenye laini ya mafuta. Inatakiwa 304–343 kPa, yaani psi 44–50. Zima injini: baada ya dakika 5 isiwe chini ya 147 kPa. Ikisoma vizuri kwenye sailensi halafu ikaanguka ukipanda mlima, shuku chujio lililo ndani ya tenki au pampu iliyochoka. Presha ikiwa sawa, zipeleke nozeli zikapimwe ujazo.

Hatua ya 6: eksozi. Ufa kabla ya sensa huvuta hewa ya nje. Dalili yake ni plagi nyeusi kwa masizi huku kodi ikidai mafuta machache.

MASWALI

*Mkuu, nimebadili oksijeni sensa na taa imerudi baada ya siku mbili. Nimeuziwa feki?*
Huenda ni nzima kabisa. Siku mbili ndio muda kompyuta iliotumia kujifunza upya hadi kugonga kikomo. Rudi hatua ya 2.

*Fundi, kodi imekuja siku moja baada ya kubadilishiwa eafilta.*
Angalia klipu za mfuniko, soketi ya MAF, na kama mpira mkubwa umerudishwa ukakaa sawa kwenye klempu yake.

*Gari langu halina MAF, lina MAP (sensa ya presha ya hewa ndani ya manifodi). Hatua ya 3 inafaa?*
Kwa sehemu. MAP inaiona hewa ya wizi kama hewa ya kawaida, hivyo mafuta huongezwa. Dalili utakayoona ni sailensi kuwa juu, si P0171. Ikitoka P0171 kwenye gari la MAP, anza na presha na eksozi.

*V6 imetoa P0171 na P0174 (kodi hiyo hiyo ya upande wa pili wa injini) pamoja. Nikague pande zote mbili?*
Kagua vinavyotumiwa na pande zote: MAF, mpira mkubwa, pampu. Ikitoka moja tu, hapo baki upande huo.

*Naweza kusafiri nayo Dodoma hadi Mwanza?*
Kama jumla haizidi +15 na haimisi, itafika. Ikiwa inazidi +25 hasa kwenye mzigo, usiibebeshe: silinda zinachoma kwa joto kali, na valvu za eksozi ndizo zinazolipa.