Namna ya kutumia kitenzi "relegate" bila kukosea

Nahariri habari za michezo zinazoandikwa kwa Kiingereza na waandishi waliokulia Kiswahili. Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hili: "Leicester City relegated in 2023." Ukweli wa habari hauna shaka, maana mabingwa hao wa England wa mwaka 2016 walishuka daraja kweli mwaka 2023. Tatizo ni kitenzi, na limetoka kwenye Kiswahili chetu.

Hatua ya 1: Geuza "kushuka" kuwa "kushushwa"

Sisi husema timu imeshuka daraja, yaani timu yenyewe ndiyo mtendaji. Kitenzi "relegate" hakikubali hivyo. Lazima awepo anayeshusha na anayeshushwa, hata kama anayeshusha ni kanuni za ligi tu: kila msimu, timu tatu za mwisho kati ya 20 za Premier League huondolewa. Kwa hiyo andika "Leicester City were relegated in 2023." Ukiona sentensi yako inakubali neno "kushushwa", umepatia. Ukitaka timu ishuke yenyewe, Kiingereza kina "went down", na ni kizuri tu. Kwenye kichwa cha habari "were" huachwa ili kubana nafasi. Wengi wameiga vichwa hivyo wakaviingiza ndani ya habari.

Hatua ya 2: Taja anakopelekwa

Asili ya kitenzi hiki ni Kilatini, "relegare", kumpeleka mtu mbali. Roma ya kale ilikuwa na adhabu ya jina hilo: unahamishwa, lakini uraia na mali yako vinabaki. Mwaka wa 8 BK Kaisari Augusto alimpeleka mshairi Ovid katika mji wa Tomis, kando ya Bahari Nyeusi, ambao leo ni Constanța nchini Romania. Ovid alisisitiza katika mashairi yake kwamba yeye alikuwa "relegatus", si mtu aliyepigwa marufuku na kupoteza kila kitu. Kumbuka kisa hicho kila unapoandika: yupo aliyemtuma, na upo mji aliotumwa.

Mji huo hutanguliwa na "to", si "in" wala "at": "relegated to the Championship", "relegated to the bench", "relegated to a footnote". Katika soka unaweza kuuacha kwa sababu msomaji anaujua. Kwingineko ukiandika "his proposal was relegated" ukanyamaza, msomaji atauliza, wapi?

Hatua ya 3: Usichanganye na "demote"

Hiki kilizaliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, kwa kugeuza kichwa cha "promote". Kazi yake ni cheo: sajini akifanywa koplo, "he was demoted to corporal". "Relegate" hugusa nafasi na umuhimu, na mtu anaweza kubaki na cheo chake kizima huku akipewa kazi ya kujibu barua tu. Tarehe 24 Agosti 2006, wanaastronomia waliokutana Prague walipoiondoa Pluto kwenye orodha ya sayari, wengi waliandika "demoted", na nadhani walipatia, kwa sababu "sayari" ni kama cheo.

Hatua ya 4: Matamshi

Mazoea yetu hupeleka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hapa uweke mwanzoni: RE-li-geit. Kwa "demote" uweke mwishoni: di-MOUT.

Hatua ya 5: Pima hukumu iliyomo

Hapa ndipo ninapowabana waandishi zaidi. Nje ya michezo, "relegate" hulalamika. Chukua suala la lugha ya kufundishia Tanzania. "Swahili is used in public primary schools, English in secondary schools" ni taarifa. "Swahili is relegated to primary schools" ni shutuma: unasema Kiswahili kilistahili zaidi na kuna aliyekisukuma kando. Mimi naiamini shutuma hiyo, lakini siiruhusu kwenye habari ya kawaida. Kwenye makala ya maoni, iandike, kisha katika sentensi inayofuata umtaje aliyekisukuma.